Torshi Iliyozima Ndani ya Shimo la Mama Mukubwa

Leo nimepata haya.

Siyo haya ndogo, ile ya kusahau jina la shemeji. Ni haya ya kuomba ardhi ipasuke inimeze. Na shida ni kwamba wakati naomba hivyo nilikuwa tayari ndani ya ardhi, mita tatu chini, sina tena pa kumezwa.

Naandika kwa sababu siwezi kusema. Mudomo wangu wa chini umevimba. Sitii chumvi: umefika mahali mbele ya pua, na nikigeuka kushoto wenyewe unachelewa kugeuka. (Sawa, natia chumvi. Lakini umevimba.) Nyinyi wote tuliosoma pamoja masomo ya jioni, tukapata diploma tukiwa na ndevu na watoto, munajua kwamba kunyamaza siyo kazi yangu. Basi leo mutanisoma.

Tuanze na torshi.

Yaya Faustin, kaka yangu, mwana wa mama yangu mukubwa, ndiye aliyeniletea kutoka soko la Ariwara. Torshi fupi kama kidole gumba cha mwanajeshi, ya alumini nyeusi, kwenye karatasi yake wameandika lumeni elfu tatu. Lumeni ni kipimo cha mwanga. Elfu tatu ni mwanga wa kuamsha samaki wote wa ziwa kule Kasenyi waulize kama kumekucha. Ukibonyeza mara moja, unapata mwanga mudogo, wa mutu mwenye heshima. Mara mbili, wa katikati. Ukibonyeza na kushikilia, unapata ule wa tatu. Ule wa tatu, ndugu zangu, ukiupiga kwenye ukuta, ukuta unarudi nyuma.

Ilikuja bila betri. Kwangu mimi, fundi wa telefone na redio, ile ni shida gani? Nilikuwa na ordinateri, kompyuta ya kubeba, iliyokufa, ya muteja asiyerudi. Nikapasua tumbo lake, nikatoa betri sita za lithiamu, nikachagua moja iliyopendeza, nikaichaji usiku kucha, nikapima: volti nne na kitu. Imejaa! Nikaibusu. (Siku ile mudomo ulikuwa bado muzima.)

Munakumbuka Mwalimu Teofili alivyokuwa anapiga ubao na kiganja? "Betri kujaa ni habari moja! Betri kutoa haraka ni habari ingine! Ampea, mabwana, ampea!" Wengine munakumbuka. Mimi siku ile nilikuwa nimelala juu ya bega la Safari, mwenzetu. Safari, nakushukuru kwa lile bega, lakini leo limenigharimu.

Sasa, shimo.

Mama mukubwa, dada mukubwa wa mama yangu, alikuwa na nyumba katika mtaa, quartier Lumumba. Mume wake, marehemu baba mukubwa, alikuwa fundi wa matofali, na alitaka choo cha ndani ya nyumba, cha kwanza katika avenue nzima. Alichimba shimo uani, kando ya ukuta wa chumba cha kulala, akalijenga kwa matofali, akafunika juu kwa simenti na mufuniko wa duara. Choo chenyewe hakikufika. Vita vilifika mbele, vikakitangulia. Shimo likabaki kavu, safi, halijawahi kupokea kitu.

Siku watu walipoanza kukimbia, baba mukubwa alishuka mule ndani na kantini, ile sanduku ya chuma kila nyumba iko nayo chini ya kitanda. Alifungua tundu katika ukuta, akaisukuma ndani, akaziba na matofali, kisha akapaka shimo lote chokaa ili mutu asijue tofali jipya na la zamani. Halafu wakaenda kwa mguu. Njiani homa ilimuchukua binti yao Yvette, miaka minane. Walimuzika pembeni ya barabara, mahali ambapo mama mukubwa leo hajui tena kupaonyesha. Baba mukubwa alikufia ukimbizini. Ndani ya kantini kuko makaratasi ya parcelle, ya kiwanja. Na kuko picha ya Yvette. Hakuna ingine duniani.

Katika nyumba ile akaingia Muzee Zakaria, jirani wa ng'ambo ya barabara. Yeye ni wa upande mwingine, munanielewa, sitaki kuandika majina ya makabila hapa. Nyumba yake ilichomwa. Alisema aliingia kwa mama mukubwa ili wengine wasiichukue. Siye tulisema ameiba. Na tulisema zaidi: kwamba kantini ameichimbua zamani, makaratasi ameyaficha, picha ameitupa. Hatukuwa tumeona kitu. Lakini tulisema miaka mingi, mpaka ikawa kama tumeona.

Sasa kuko amani. Amani yetu munaijua, ile ya kusalimiana kwa mukono wa kulia huku kila mutu anaangalia mukono wa kushoto wa mwenzake. Pasta alikaa na familia zote mbili, wakapatana hivi: shimo lifunguliwe mbele ya watu wote. Kantini ikiwepo, maneno yamekwisha, na Muzee Zakaria abaki ndani ya nyumba mpaka amalize kujenga yake. Kantini isipokuwepo... Pasta alipofika pale alikunywa maji. Hakuna mutu aliyemaliza ile sentensi.

Muzee Zakaria alikubali asikaribie shimo wala asimuelekeze mutu, ili kesho mutu asiseme ameingiza mukono wake. Faustin naye akatazwe kushuka. Atafutwe mutu wa tatu.

"Anselme ashuke," Pasta akasema. "Amesoma, na si mutu wa maneno mingi."

(Pasta hanijui vizuri.)

Leo saa tatu asubuhi tulikuwa pale. Viti vya plastiki mistari miwili, siye huku, wao kule, katikati ule mufuniko wa duara. Hakuna aliyetafuna kitu. Mama mukubwa alivaa kikwembe chake cha kanisa, na kwenye pindo alikuwa amefunga ufunguo wa kantini. Miaka yote ile, nyumba hana, ufunguo anao. Nilipouona ule ufunguo ningepaswa kuwa mutu mwenye adabu kuanzia dakika ile.

Sikuwa.

Pasta alipomaliza kuomba, Mama Noela, bibi wa ndoa wa Muzee Zakaria, aliinuka na taa ya petroli. Kioo chake kimefungwa kwa waya.

"Kamata hii, mutoto wangu. Inawaka kidogo, lakini haichoke."

"Mama," nikamwambia, na nikacheka kile kicheko cha mutu aliyesoma, "hii mwachie tate, babu yangu. Mimi niko na elektroniki."

Nikatoa torshi. Nikabonyeza na kushikilia. Ule wa tatu!

Ndugu zangu, ilikuwa mchana, jua limewaka, na bado vivuli vilihama. Pasta alifunika macho kwa Biblia. Jogoo aliwika. (Alikuwa anawika tangu mbele, lakini aliongeza sauti.) Faustin akasema kwa nguvu, "Ni mimi nilimuletea!" Watu wa mustari ule mwingine walinyosha shingo. Nikaona ni saa ya kufundisha. Nikawaeleza lumeni. Nikawaeleza lithiamu. Nikawaeleza namna gani siku moja operesheni za hospitali zitafanyika kwa torshi kama hii, moja tu, ikining'inia. Nilisema labda dakika ine, torshi inawaka bule mbele ya jua la Mungu.

"Iko na pata moto," Muzee Zakaria akasema pole pole. Aliona namna nilikuwa ninaibadilisha mukono.

"Ni nguvu hiyo, Muzee!"

Mama mukubwa alisema neno moja tu: "Anselme. Shuka."

Nikashuka kwa ngazi ya miti, nyundo na tindo kwenye mufuko. Chini, nikawasha tena ule wa tatu. Makosa. Ukuta wote ni chokaa nyeupe, na mwanga ule ulipiga huku, ukarudi kule, ukaniingia machoni kutoka pande zote. Nilikuwa ndani ya yai. Tofali sioni, kiungo cha matofali sioni, naona nyeupe tu na machozi yangu. Mutu mwenye akili angebonyeza mara moja, apate mwanga mudogo. Lakini juu walikuwa wanaangalia, na mwanga ulikuwa unatoka kwenye tundu kama volkano, na nilipenda utoke hivyo.

Nikaanza kugonga ukuta. To, to, to. Kisha: bu.

"Ni pale," sauti ya mama mukubwa ikashuka. "Ile sauti naijua. Gonga pale."

Nyundo inataka mukono, tindo inataka mukono, na Mungu aliishia kwenye miwili. Torshi nikaiweka kinywani, nikaibana kwa meno. Alumini haina adabu. Tofali la kwanza lilipotoka ilikuwa vuguvugu. La pili, chai. La tatu, chai ya mutu mwenye hasira. Lakini kuisema ningepaswa kufungua kinywa, na kufungua kinywa ni kuiangusha. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilinyamaza, na angalia vile nilipata malipo.

Tofali la tano likatoka. Tundu likafunguka, jeusi. Nikainama, nikaingiza uso pamoja na torshi nione ndani, mudomo unalia kama nyama ndani ya mafuta, na pale pale...

Tak.

Giza. Siyo kupungua, siyo kupepesa. Kutoka jua mpaka kaburi bila kupitia jioni.

Nikaitema. Nikabonyeza. Ikawaka, nikaona udongo mutupu mbele yangu, ikazima. Nikabonyeza tena. Ikawaka, udongo, ikazima. Mara ya tatu ilinionyesha alama ndogo nyekundu, kama jicho la panya anayekuonea huruma. Basi.

Nikaingiza mukono ndani ya tundu. Mpaka kiwiko: hewa. Mpaka bega: udongo mugumu, mwisho wa shimo. Kantini hakuna.

"Anselme!" Pasta anaita. "Unaona nini?"

Hapa, ndugu zangu, ndiyo mahali pa kisa. Kulikuwa na maneno saba tu ya kusema: "Torshi imezima. Mulete taa ya Mama Noela." Saba! Mimi natumia maneno arobaini kuomba chumvi. Lakini nilifikiri ile mistari miwili ya viti. Nilifikiri lumeni zangu. Nilifikiri hospitali na operesheni. Nikaona haya kusema torshi imezima.

Nikapiga kelele: "Hakuna kitu! Tundu iko bule!"

Juu wote walisikia. Halafu kiti kimoja kikaanguka.

"Nilisema!" Hiyo ni sauti ya Faustin. "Niliwaambia! Miaka yote huyu muzee anakula ndani ya sahani zetu, na kantini aliuza zamani!"

"Weye, chunga kinywa yako!" mutu wa mustari ule mwingine akajibu.

"Nichunge nini? Picha ya dada yangu iko wapi?"

"Tukae!" Pasta analia. "Kwa jina la Bwana, tukae!"

Hakuna aliyekaa. Mimi niliona tu duara la mbingu, na miguu inapita pembeni yake haraka. Kuna mutu aliyesema kwa sauti ya chini, "Enda uite vijana wa kule," na sikujua ni mutu wa upande gani, na nilielewa kwamba haina tofauti. Yale maneno ya mwisho tuliyasikia siye wote wakati fulani, na tunajua yanafuatwa na nini. Nilisimama mule ndani na torshi baridi... hapana, bado ilikuwa moto. Nilisimama na torshi moto iliyokufa.

Ndipo nikasikia Muzee Zakaria. Hakupiga kelele.

"Mama Yvette," akasema. "Mimi sikugusa."

Hakuna mutu anayemwita tena hivyo. Siye wa familia tuliliacha jina lile ili tusimuumize. Yeye hakuliacha.

Ni mama mukubwa aliyejibu. Sauti yake ilishuka mpaka kwangu kama hakuna kelele ingine:

"Makaratasi, mukamate yote. Mimi nilitaka sura ya mutoto. Naanza kuisahau."

Nilitaka kusema. Naapa nilikuwa nafungua kinywa. Lakini mudomo ulikuwa umevimba tayari, na ukweli nao ulikuwa umevimba, vyote viwili havikupita.

Duara la mbingu likafungwa. Ni kichwa cha Mama Noela. Alikuwa amepiga magoti kwenye simenti.

"Anselme. Uliona kwa macho, ao ulipapasa?"

"Nili... nilipapasa, mama."

"Torshi iko wapi?"

"Iko hapa."

"Iwashe nione."

Nikabonyeza bule. Juu kila mutu alikuwa anasikiliza shimo.

"Imezima, mama."

"Ilizima mbele ya kusema hakuna kitu, ao nyuma?"

Ndugu zangu wa diploma. Maswali yote ya mutihani wa Serikali hayakuwa magumu kama lile.

"Mbele," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ningependa sana wangecheka. Nilisikia tu watu wakirudisha pumzi, mistari yote miwili kwa pamoja, na Faustin akisema pole pole, kama mutu aliyekanyaga kitu, "Anselme, weye."

Mama Noela alifunga taa yake ya petroli kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaishusha. Ilikuja ikizunguka, manjano, inanuka, na kioo chake cha waya. Ikafika mbele ya uso wangu. Na kwa ule mwanga mudogo niliona kila kitu: tofali, kiungo, alama za vidole vya marehemu kwenye chokaa. Lakini ndani ya tundu bado niliona udongo.

"Mwambieni apeleke mukono kushoto," Muzee Zakaria akasema. "Mwishoni kuko kona."

"Weye umejua aje?" Faustin akaruka tena. "Si mulipatana asielekeze mutu!"

"Nimevunja neno, mutanihukumu. Najua kwa sababu mimi ndiye nilitoa udongo. Baba yako alichimba, mimi nilibeba ndoo, mbele ya jua kutoka. Alisema: nikikata kona, mwenye kutafuta kwa kuchoma fimbo ya chuma ukutani atakuta udongo tu, ataenda zake."

"Ulijua siku zote iko wapi?"

"Siku zote. Nalala juu yake."

Faustin akakaa. Mimi nikaingiza mukono, mpaka bega, nikaupinda kushoto. Bashi, ile turubai ya magari. Chini ya bashi, chuma. Kishikio.

"Iko!" nikalia. Kwa mudomo ule sijui ilitoka namna gani, lakini walielewa, kwa sababu mama mukubwa aliita jina la Yesu mara moja tu, na hakuongeza.

Nikabomoa matofali mengine, ikatoka kwa kamba ileile ya nguo. Nikatoka nyuma yake, mweupe kwa chokaa, mudomo mwekundu. Mutoto mmoja alinikimbia. Lakini wakubwa hawakuniangalia hata kidogo, walikuwa wanaangalia kufuli. Ilikuwa na kutu, lakini nzima, haijavunjwa. Mama mukubwa alifungua pindo, akaingiza ufunguo. Haukuzunguka. Faustin akachukua nyundo.

"Hapana," Muzee Zakaria akasema, na kumbuka alikuwa bado kwenye kiti chake, hajakaribia. "Mafuta ya mawese, na nyoya ya kuku. Noela, muletee."

Basi ni Faustin, yule yule wa kupiga kelele, aliyeshika nyoya na kupaka kufuli mafuta ya nyumba ya Zakaria, tone kwa tone, jasho linamwanguka. Ikazunguka.

Makaratasi yalikuwa yameshikana kama mukate wa jana, lakini mihuri ilionekana. Picha ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, kwenye mufuko wa plastiki. Yvette na uniforme ya shule, kola imepinda, amefunga jicho moja kwa sababu ya mwanga wa kamera. Mama mukubwa aliishika kwa mikono miwili. Aliangalia muda mrefu sana. Kisha akainuka, akavuka ile nafasi katikati ya mistari miwili, akampa Muzee Zakaria.

"Mwangalie," akasema. "Ule mwizi wa mapera yako."

Muzee alitoa miwani, akaipangusa, akaivaa, akaitoa tena. "Alikuwa ananiachia mbegu mbele ya mulango," akasema. "Nijue ni yeye."

Sitaandika zaidi pale. Hata mutu wa kuongeza chumvi kama mimi anajua mahali chakula kimetosha.

Lakini haya yangu ilikuwa haijakwisha. Mama Noela alinikalisha, akanipaka asali mudomoni mbele ya watu wote kama mutoto aliyelamba sufuria. Muzee Zakaria akaomba kuona torshi. Akaigeuza, akaipima uzito.

"Enjenia. Betri ulisema imejaa?"

"Imejaa, Muzee."

"Sasa juu ya nini ilizima?"

Ikabidi nieleze, na kila neno linapita kwenye asali. Kwamba ule mwanga wa tatu unaomba mukondo mwingi wa umeme, ndiyo ampea, mara moja. Kwamba betri ya ordinateri ya zamani imezoea kutoa pole pole. Ukiinyonya kwa nguvu, volti inaanguka, torshi inafikiri betri imekwisha, inajifunga. Ikipumzika, inaamka kidogo, inakudanganya, inaanguka tena. (Mwalimu Teofili, kama uko katika hii grupu: ampea. Nimeelewa. Samahani kwa kuchelewa miaka sita.)

"Na hakuna namna ya kuiwasha pole pole?" Mama Noela akauliza.

"Kuko, mama."

"Namna gani?"

"Unabonyeza mara moja."

"Na weye ulijua?"

Niliangalia jogoo. Jogoo naye aliangalia pembeni.

"Nilijua."

Muzee Zakaria akabonyeza mara moja. Mwanga mudogo ukawaka, mupole, ukabaki. Aliiweka juu ya kantini, ikaendelea kuwaka. Hapo ndipo walicheka. Mistari yote miwili. Faustin alicheka mpaka akashika bega la mutu aliyekuwa karibu naye, na yule mutu alikuwa ni yule wa "chunga kinywa yako." Pasta alicheka akiwa amefunika uso na Biblia, mara ya pili leo.

Mama mukubwa peke yake hakucheka. Alinisubiri ninyamaze (nilikuwa tayari nimenyamaza), akasema:

"Ulisema hakuna kwa sauti kubwa, sivyo?"

"Ndiyo, mama mukubwa."

"Na mbele ya taa kushuka, kuko watu waliotoka na ile maneno yako barabarani. Quartier nzima inajua sasa Zakaria aliiba. Utapita kila mulango. Utasema iko, kwa sauti ileile. Peke yako."

Nimepita milango mia mbili. (Sawa, kumi na tisa.) Saa sita ya mchana, na chokaa, na asali, na nzi wanaojua asali. Kila mulango nagonga, nasema, "Kantini imeonekana. Muzee Zakaria hakugusa. Ni mimi niliyesema uongo." Kwa mudomo huu hawaelewi, wananiambia rudia. Narudia. Wanaita wa ndani ya nyumba waje wasikie. Narudia tena. Kwenye mulango wa kumi na moja wamama wawili walishapata mbele yangu habari kwamba Zakaria amekimbia na kantini kichwani mpaka Kasenyi, amepanda mutumbwi. Nikawaambia hapana, amekaa kwa kiti, anakula mapera. Hawakuamini. Nilisimama pale mpaka waliamini.

Nyumba ya ishirini ni hii grupu yenu, kwa sababu mutu mmoja ndani yake (sitataja, lakini bega lake nalijua) aliandika saa ine asubuhi: "Nasikia kantini ya Lumumba haiko!" Basi kwa sauti ileile, nasema: kantini iko. Ilikuwa palepale. Kufuli nzima. Muzee Zakaria alilala juu yake miaka yote na hakugusa. Mutu ambaye hakuwa na kitu mule ndani ya shimo ni mimi.

Torshi niliipa Mama Noela. Amekataa nimuonyeshe ule mwanga wa tatu.

Tafadhali musinicheke. Na kama munashindwa, basi mubonyeze mara moja tu.